Divai Kavu na Utamu Wake: Ulimi si Mizani

Ndugu msomaji, Kiswahili chetu kina ukarimu wa ajabu katika neno tamu. Sukari ni tamu na asali ni tamu. Lakini nyama iliyokaangwa vizuri nayo ni tamu, mchuzi uliokolea chumvi ni mtamu, usingizi wa alfajiri ni mtamu, na maneno ya mchumba ni matamu kupita yote. Hakuna anayekosea kusema hivyo. Ila ukarimu huo huo huleta ubishi mezani pale chupa ya divai nyekundu inapofunguliwa siku ya arusi au ya ubatizo. Mmoja huonja na kusema, "Hii tamu." Mwenzake husoma lebo na kumjibu kwamba chupa imeandikwa "dry", yaani kavu, na kwamba divai kavu haina sukari hata chembe. Wa tatu huonja chupa nyingine iliyoandikwa neno lile lile, akakunja uso, na kuuliza kama ni divai au ni siki. Na pembeni huwapo mzee mwenye ugonjwa wa kisukari ambaye amekuwa akiwasikiliza wote, naye huuliza swali lililo zito kuliko yote: "Basi mimi ninywe ipi?"

Juma hili tutajaribu kuwapatanisha hao wanne. Makala haya hayamshawishi mtu kunywa. Wapo wengi miongoni mwetu ambao dini yao inawakataza, na wapo walioamua wenyewe kuacha, na wote hao hawana cha kujutia. Lakini divai imekwisha kuingia katika sherehe nyingi, tena inatengenezwa hapa hapa nchini, mkoani Dodoma. Na jambo likiisha kuingia nyumbani, ni heri lijulikane kuliko kukisiwa.

Kavu maana yake nini?

Tuanze na neno lenyewe. Kitu cha majimaji kinawezaje kuitwa kikavu? Neno hili tumelipokea kutoka Ulaya. Waingereza husema "dry", Wafaransa "sec", Waitalia "secco", na yote matatu maana yake ni kavu. Katika habari za divai, kavu ni kinyume cha tamu: ni divai ambayo sukari ya zabibu zake imekwisha karibu yote. Neno hilo si kipimo cha uchungu, wala cha ukali, wala cha ubora. Linaeleza sukari iliyosalia, basi.

Sukari hiyo imekwenda wapi? Watu wa mwambao wanalijua jibu tangu zamani. Tembo la mnazi lililoteremshwa asubuhi ni tamu. Lingoje hadi jioni, na utamu utakuwa umepungua na ukali umeingia. Liache siku kadhaa, nalo litakuwa siki ya kupikia. Wenyeji wa Iringa wanaogema ulanzi katika mianzi wanaiona habari hiyo hiyo kila msimu wa mvua: leo mtamu, kesho mkali. Katika vyombo hivyo hakuna aliyechota sukari na kuitupa. Imeliwa na hamira.

Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno, kisichoonekana kwa jicho tupu. Ile inayoumua maandazi yetu na ile inayotengeneza divai ni za jamii moja. Hula sukari, na badala yake hutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kaboni. Katika unga tunaitaka hewa, na kileo hupotea motoni. Katika divai tunakitaka kileo, na hewa hupanda juu ikaenda zake. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha, kwa majaribio yake ya miaka ya 1850 na 1860, kwamba uchachukaji huo ni kazi ya viumbe vilivyo hai, wala si kuoza tu kama wengi walivyodhani.

Basi divai kavu ni ile ambayo hamira imeachwa kula mpaka ikashiba na chakula kikaisha. Divai tamu aghalabu ni ile ambayo hamira imezuiwa kabla haijamaliza. Huweza kuzuiwa kwa baridi kali na kuchujwa, au kwa kutiwa pombe kali ambayo huiua, kama wafanyavyo Wareno katika divai yao ya Port. Njia nyingine ni kuiacha divai ikauke kwanza, halafu kuitia maji matamu ya zabibu baadaye.

Hesabu ya sukari

Sasa tuingie katika hesabu, maana bila hesabu ubishi hauishi. Zabibu za divai kwa kawaida huvunwa zikiwa na sukari nyingi sana: lita moja ya maji yake huwa na gramu 200 hadi 250. Hicho ni kiasi kinachozidi maradufu kile cha soda. Katika kuchachuka, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita zikiisha kuliwa, kileo huongezeka kwa asilimia moja. Kwa hiyo maji ya zabibu yenye gramu 221 kwa lita, yakiliwa hadi mwisho, hutoa divai yenye kileo cha asilimia 13 hivi. Mkulima anayesubiri zabibu zake ziive barabara anasubiri sukari, na sukari hiyo ndiyo itakayogeuka kuwa nguvu ya divai.

Hata hivyo, hata divai iliyo kavu kabisa haifikii sufuri. Zimo sukari chache za namna nyingine ambazo hamira haiwezi kuzila, nazo husalia kiasi cha gramu moja hivi kwa lita. Kwa hiyo yule ndugu aliyesema kwamba divai kavu haina sukari hata chembe amekosea, ingawa kosa lake ni dogo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mipaka kwa sheria. Divai isiyo na mapovu huweza kuitwa kavu iwapo sukari yake haizidi gramu 4 kwa lita. Na huruhusiwa kufika gramu 9 ikiwa ina asidi ya kutosha kuikabili sukari hiyo. Inayofuata, kavu kiasi, hufika gramu 12, nayo huweza kufika 18 kwa sharti linalofanana na hilo. Kisha huja ile yenye utamu wa wastani, ambayo mwisho wake ni gramu 45. Kuanzia hapo na kuendelea ni divai tamu. Tazama, ndugu msomaji, kwamba hata watunga sheria wamekubali kuwa sukari peke yake haitoshi kueleza utamu: wameitazama asidi pia. Jambo hilo tutalirudia punde.

Lakini gramu kwa lita hazimwelezi kitu mtu aliyeshika bilauri mkononi. Tuzigeuze ziwe vijiko. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Bilauri ya divai tuihesabu kuwa mililita 150, na chupa nzima mililita 750, yaani bilauri tano.

Divai kavu yenye gramu 4 kwa lita humpa mnywaji gramu 0.6 za sukari katika bilauri moja. Hiyo ni sehemu ya saba hivi ya kijiko. Chupa nzima ina gramu 3, ambazo hazifiki kijiko kimoja. Divai yenye utamu wa wastani, tuseme gramu 30 kwa lita, ina gramu 4.5 katika bilauri, yaani kijiko kimoja na ziada kidogo. Divai tamu yenye gramu 100 kwa lita ina gramu 15 katika bilauri moja, karibu vijiko vinne.

Sasa tulinganishe na vinywaji vyetu vya kila siku. Kikombe cha chai kilichotiwa vijiko viwili kina gramu 8. Chupa ya soda ya mililita 350, yenye gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100, ina gramu 35, yaani karibu vijiko tisa. Maana yake ni kwamba mtu mmoja akinywa chupa nzima ya divai kavu, na mwenzake akanywa soda moja tu, yule wa soda amekula sukari zaidi ya mara kumi. Tusifanye haraka kufurahi, lakini. Chupa hiyo ya divai ina jambo jingine ambalo soda haina, nalo tutalifikia.

Kwa nini ulimi hudanganyika?

Ikiwa sukari ya divai kavu ni kidogo hivyo, mbona yule wa kwanza aliapa kuwa ni tamu, na wa tatu akaapa kuwa ni siki? Jibu ni kwamba ulimi haupimi sukari peke yake. Hupokea mambo mengi kwa pamoja, na kila moja husukuma au huvuta jingine. Kwa bahati njema Kiswahili, ambacho ni karimu katika neno tamu, ni kikali na makini katika maneno mengine ya kinywa. Tunayo ugwadu, uchungu na ukakasi, na kila neno lina mahali pake.

Ugwadu ni ile ladha ya ndimu na ya ukwaju. Katika divai huletwa na asidi za zabibu. Ugwadu hufunika utamu. Fanya jaribio hili nyumbani, hata kama hunywi divai kabisa: chukua bilauri mbili za maji, tia kijiko kimoja cha sukari katika kila moja, koroga, kisha kamulia ndimu katika moja tu. Waite watoto waonje. Wote watasema kuwa ile isiyo na ndimu ni tamu zaidi, ingawa sukari ni ile ile kwa gramu.

Ukakasi ni ule mkwaruzo unaokausha kinywa, kama vile mtu alivyouma bibo au ndizi mbichi. Katika divai nyekundu huletwa na tanini, ambazo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, kwa kuwa divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Tanini hizo hizo zimo katika chai iliyochemshwa mno. Watu wengi wakisikia mkwaruzo huo husema, "Kumbe hii ndiyo kavu." La, hasha. Kinywa kimekauka, lakini hilo si habari ya sukari; divai yaweza kuwa na ukakasi mwingi na sukari nyingi kwa pamoja.

Kileo chenyewe nacho kina utamu kidogo, na huifanya divai iwe nzito ulimini. Kadhalika hamira, katika kazi yake, huacha kitu kiitwacho gliseroli, ambacho ni kitamu kidogo ingawa hakihesabiwi kuwa sukari. Mwaka 2011 watafiti wa Bordeaux, nchini Ufaransa, walieleza viambato vitokavyo katika mbao za mwaloni, ambazo ndizo hutengenezea mapipa ya divai, na wakaonyesha kuwa vinaonjeka vitamu bila ya kuwa sukari.

Mwisho ni pua, nayo ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Divai nyekundu nyingi hunukia matunda yaliyoiva, na zile zilizolala katika mapipa ya mwaloni hunukia vanila. Tangu utoto tumezoea kwamba kinachonukia hivyo ni keki, maandazi, na matunda. Kwa hiyo pua ikipokea harufu, akili huongeza utamu ambao haumo. Jaribio la pili la nyumbani: gawanya maziwa yasiyo na sukari katika vikombe viwili, na katika kimoja tia matone mawili ya arki ya vanila. Wengi watakuambia kuwa hicho kimetiwa sukari. Mwambie mtu huyo azibe pua na kuonja tena, na utamu ule utatoweka.

Tazama sasa jinsi chupa mbili zinavyoweza kumchezea mtu. Tuchukue mfano wa divai mbili nyekundu, zote zimeandikwa kavu. Ya kwanza ina sukari gramu 2 kwa lita, kileo asilimia 14.5, asidi kidogo, na harufu ya vanila. Ya pili ina sukari gramu 4, kileo asilimia 12, asidi nyingi, na ukakasi mkali. Karibu kila mwonjaji ataapa kuwa ya kwanza ndiyo yenye sukari, na hali ya pili inayo maradufu. Hakuna mwenye ulimi mbovu hapo. Ni kwamba ulimi haukuumbwa kuwa mizani.

Jua la Dodoma na baridi ya Ulaya

Tofauti za namna hii mara nyingi huanzia shambani. Tunda la zabibu likiwa bichi lina asidi nyingi na sukari kidogo. Kadiri linavyoiva sukari hupanda na asidi hushuka, na joto huharakisha kushuka huko. Ndiyo maana divai za nchi zenye baridi, kama vile sehemu nyingi za Ufaransa, aghalabu huwa na ugwadu wa wazi, na zile za nchi zenye jua kali huwa laini, zenye kileo kingi na harufu ya matunda yaliyoiva sana.

Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika karne ya 20, ni nchi ya jua. Ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lakini ni kavu, na mvua yake ni chache na ya msimu mmoja. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Ule wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huupogoa na kuvuna mara mbili. Zabibu nyekundu inayojulikana sana huko ni ile iitwayo Makutupora, kwa jina la mahali, na Syrah nayo hupandwa. Kutokana na zabibu hizo hutengenezwa divai kavu na divai tamu pia. Basi mtu asidhani kuwa divai nyekundu ya kwetu ikiteleza kinywani ni lazima imetiwa sukari. Huenda ni jua tu. Wala asidhani kuwa kila divai ya kwetu ni kavu kwa kuwa ya jirani yake ilikuwa kavu. Shamba moja laweza kutoa zote mbili.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Italia ya kaskazini, karibu na mji wa Verona. Huko huvuna zabibu na kuzianika kwa majuma mengi hadi zisinyae na sukari yake ikolee. Hamira ikizuiwa mapema hupatikana divai tamu iitwayo Recioto. Ikiachwa iendelee na kazi hupatikana Amarone, ambayo huhesabiwa kuwa kavu, yenye kileo cha asilimia 14 au zaidi. Mama ni mmoja, na watoto wawili hawafanani.

Hatari iko wapi basi?

Hapa tumrudie yule mzee wa pembeni, maana yeye ndiye mwenye haja. Jamaa zake, wakiisha kusikia hesabu yetu ya vijiko, wataweza kumwambia, "Divai kavu haina sukari ya kukudhuru, kunywa tu." Shauri hilo limewaponza wengi. Sukari iliyopotea katika divai kavu haikupotea bure. Imegeuka kuwa kileo. Kadiri divai inavyokuwa kavu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya sukari ya zabibu ilivyogeuka hivyo.

Bilauri moja ya divai ya asilimia 13 ina gramu 15 hivi za kileo. Kila gramu ya kileo hutoa kalori 7, na hali gramu ya sukari hutoa 4. Kwa hiyo katika bilauri hiyo kileo huleta kalori zaidi ya 100, na sukari huleta mbili tatu tu. Anayechagua divai kavu ili apunguze unene wa tumbo huku anaongeza bilauri ya pili na ya tatu, anaziba tundu la panya na kuuacha mlango wazi.

Kwa mwenye kisukari iko hatari iliyo kubwa zaidi ya unene. Ini letu ni ghala: mtu asipokula kwa muda, lenyewe hutengeneza sukari na kuitia katika damu ili ubongo usikose chakula. Kileo kikiingia mwilini, ini hushughulika nacho kwanza na kupunguza kazi hiyo. Kwa mtu mzima wa afya aliyekula vizuri huenda asione lolote. Lakini kwa anayejidunga insulini, au anayetumia vidonge vinavyoihimiza kongosho kutoa insulini, mathalani glibenklamidi, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Tena haishuki papo hapo mezani. Yaweza kushuka saa nyingi baadaye, usiku wa manane, nyumba nzima imelala.

Na hapa ndipo nataka kila mama na kila baba anayesoma ukurasa huu atulie kidogo. Dalili za sukari kushuka ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kugongana, kuyumba, kuchanganyikiwa, na mwisho usingizi mzito. Zitazame vizuri: nyingi katika hizo ni dalili za mlevi. Mzee aliyekunywa bilauri mbili arusini akianza kuyumba na kusema ovyo, jamaa huchekeana, humlaza kitandani, na kusema kuwa asubuhi itakuwa imemtoka. Huenda asiione asubuhi hiyo.

Kwa hiyo mwenye kisukari akiwa amekunywa, na dalili hizo zikatokea, pimeni sukari yake ikiwa kipimo kipo. Kama kipimo hakipo, msingoje. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu bilauri ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpeni tena. Akipata nafuu ale chakula, na mtu akeshe naye. Akiwa amezimia msimtie kitu chochote kinywani, kwa maana kitampalia. Mlazeni kwa ubavu, na mmpeleke hospitali bila kuchelewa.

Swali la kama anywe au asinywe si la kuamuliwa na mpwa aliyesoma lebo. Ni la kuamuliwa na daktari wake, anayejua dawa anazotumia na hali ya ini, figo na moyo wake. Anayetumia metformini naye aulize, kwani pombe nyingi pamoja na dawa hiyo yaweza kuleta madhara makubwa katika damu. Na daktari akimruhusu, asinywe kabisa akiwa na njaa, na awepo mtu mmoja karibu anayeijua hali yake.

Kwa sisi wengine pia, tusijifariji kupita kiasi. Tangu mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Maneno hayo hayakuchagua kavu wala tamu.

Jinsi ya kusoma chupa

Anayenunua divai kwa ajili ya sherehe afanye mambo matatu. Kwanza atafute neno: kavu, au "dry", kavu kiasi, tamu kiasi, au "semi-sweet", na tamu, au "sweet". Chupa isiyo na neno lolote haimwahidi chochote. Pili aangalie asilimia ya kileo. Divai nyekundu ya mezani yenye kileo cha asilimia 9 au 10 aghalabu imebakiza sukari, kwa kuwa hamira haikumaliza kazi. Lakini kileo kingi si dhamana ya ukavu, maana Port ina asilimia 20 hivi na ni tamu mno. Tatu, atafute kalori na gramu za sukari kama zimeandikwa. Divai zilizotengenezwa Umoja wa Ulaya baada ya tarehe 8 Desemba 2023 zinatakiwa kueleza nguvu ya lishe kwenye lebo, na maelezo mengine, yakiwamo ya sukari, huweza kuwekwa katika alama ya kusomwa kwa simu.

Sasa wale wanne wetu. Wa kwanza alisema kweli: divai ilikuwa tamu kwa maana ya Kiswahili, iliyopendeza kinywani. Wa pili alisema karibu kweli: sukari ilikuwa kidogo, ila haikuwa sufuri. Wa tatu naye hakukosea, kwa kuwa ugwadu na ukakasi vilimkuta kabla ya kitu kingine; ingawa neno siki aliliwahi, maana siki ina historia yake. Na mzee wetu wa pembeni, hadi atakapozungumza na daktari wake, amiminiwe maji baridi yaliyokamuliwa ndimu, katika bilauri nzuri kama za wenzake, na akaribishwe kugonganisha bilauri pamoja nao.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaitazama siki hiyo: jinsi divai na tembo zinavyogeuka, na jinsi ya kuihifadhi siki jikoni isipoteze nguvu yake.